Sakafu ya laguni imebadilika, au umebadilisha chekeche?

Ukichora takwimu za miaka thelathini za wanyama waishio kwenye tope la laguni (ziwa la maji ya chumvi kando ya bahari), huenda kuna mahali idadi itapanda ghafla. Kabla ya kuyataja mazingira, fungua daftari la maabara: huenda mwaka ule chekeche la kuoshea tope, la tundu la milimita 1, lilibadilishwa na la milimita 0.5. Nyungunyungu wembamba kama Capitella na vichanga vya kombe hupita kwenye tundu la milimita 1 na kwenda na maji. Tundu likipungua wanahesabiwa wote, ilhali topeni hakuna kilichoongezeka. Tumia machekeche mawili, la milimita 1 juu ya la 0.5, na kila fungu ulihesabu na kulihifadhi peke yake. Fungu la juu tu ndilo linaloweza kulinganishwa na takwimu za zamani.

Pili, majina. Nereis diversicolor na Hediste diversicolor ni nyungunyungu yuleyule. Kompyuta itakuambia mmoja katoweka na mwingine kahamia. Capitella capitata nayo, tangu 1976, inajulikana kuwa kundi la spishi zinazofanana mno. Ndiyo maana nasisitiza vielelezo vitunzwe. Fomalini ya dukani ichanganywe sehemu 1 kwa 9 za maji ya laguni, na utie boraksi. Bila boraksi, asidi hula chokaa: gamba la konokono wa Hydrobia hupauka, kisha huvunjika ukilishika tu kwa kibano, na jina lake limekwenda. Baadaye suuza, hamishia kwenye alkoholi ya 70%. Nyungunyungu waliokatika, hesabu vichwa tu.

Mabadiliko ya kweli yapo, tena makubwa. Katika laguni ya Mar Menor, Hispania, mlango wa El Estacio unaoiunganisha na bahari ulipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, chumvi ya maji ilishuka na mwani Caulerpa prolifera ukatanda sakafuni. Katika laguni ya Venice, kombe Ruditapes philippinarum aliletwa 1983 kwa ufugaji. Uvuvi wake kwa zana za kukwangua sakafu ukawa unalivuruga tope lenyewe.

Dalili ninayoiamini zaidi huonekana ukichukua tope kwa mrija uliodidimizwa sakafuni, kisha ukalipasua kwa urefu: juu tabaka la kahawia, chini jeusi linalonuka yai viza. Weusi ukifika karibu na uso, wanyama wachimbao kina wameondoka, wamebaki wadogo wa juujuu. Wanasayansi Pearson na Rosenberg walieleza mfuatano huu 1978, wa tope linalozidiwa na mabaki yanayooza. Ila laguni kwa asili ina mabaki mengi ya mimea na chumvi isiyotulia, hivyo wavumilivu hutawala hata pasipo uchafuzi. Kipimo kama AMBI, kinachopima afya ya sakafu kwa uvumilivu wa wanyama wake na kilichoundwa kwa ajili ya pwani na milango ya mito ya Ulaya, chaweza kuiita mgonjwa laguni iliyo nzima. Laguni ilinganishe na yenyewe: vituo vilevile, mwezi uleule, mrija wa kipenyo kilekile. Na chupa za zamani ziongezwe alkoholi kila mwaka, kwa sababu alkoholi huvukika hata zikiwa zimefungwa.