Ufunguo kiganjani: Notorious kwa jicho la mhariri wa filamu

Kazi yangu ni kukata na kuunga picha. Kutwa nakaa mbele ya skrini mbili nikiamua shoti hii ikae sekunde ngapi, uso wa nani uonekane kwanza, na mtazamaji ajue jambo gani kabla ya mhusika kulijua. Kijana akija kwangu kujifunza uhariri, siku ya kwanza simfungulii programu yoyote. Namkalisha, nazima taa, namwonyesha Notorious, filamu ya kijasusi ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1946.

Wengi huanza kuitazama shingo upande. Picha ni nyeusi na nyeupe, hakuna risasi hata moja, steringi hapigani na kundi la watu kumi. Lakini ikifika sehemu ya sherehe, naona mgongo wa kijana umeondoka kwenye kiti. Amesogea mbele bila kujijua. Hapo namwuliza: umeogopa nini? Kwenye skrini kuna watu waliovaa vizuri, wanakunywa shampeni na kusalimiana. Jibu lake huwa lile lile: ufunguo.

Nieleze kwanza kisa, kwa wale ambao hawajaiona. Inaanza Miami, tarehe 24 Aprili 1946, mahakamani. Mjerumani mmoja anahukumiwa kifungo kwa kuihaini Marekani. Binti yake, Alicia Huberman, anayeigizwa na Ingrid Bergman, anajitumbukiza kwenye pombe. Anamjia kachero wa serikali, Devlin, yaani Cary Grant, na kumpa kazi: aende Rio de Janeiro, ajisogeze kwa Alex Sebastian, rafiki wa zamani wa baba yake aliyewahi kumpenda. Nyumba ya Alex ni maskani ya Wajerumani wafuasi wa Hitler waliojificha Brazil, na wakubwa wa Devlin wanataka kujua wanapika nini humo. Alicia na Devlin wanapendana kabla kazi haijaanza. Amri inapofika kwamba Alicia ajipeleke kwa Alex, Devlin ananyamaza. Hamkatazi, hamwambii anampenda. Alicia naye, kwa uchungu, anakubali kazi, na baadaye anakubali hata kuolewa.

Kabla ya kimya hicho kuna busu, na sipendi kulipita. Kanuni za maadili zilizobana studio za Hollywood enzi hizo ziliwekea busu mpaka, sekunde tatu hivi. Hitchcock akatii kanuni na kuizunguka kwa pamoja: wawili hao wanagusana midomo, wanaachana, wanazungumza juu ya kuku wa chakula cha jioni, wanagusana tena, wanatembea wamekumbatiana kutoka barazani mpaka kwenye simu, na kamera imeganda nao. Inafika kama dakika mbili na nusu. Mimi ninayelipwa kwa kukata nasema wazi: pale hapakatwi. Ukikata, unawapa nafasi ya kupumua. Ile shoti isiyokatika inatufanya tuwe wa tatu kati yao, na kwa hiyo Devlin anapofika ofisini kwa wakubwa na chupa ya shampeni mkononi na kupewa amri ile, tunaumia naye. Maana chupa ile aliyoinunua kwa ajili ya jioni yao anaisahau mezani kwa bosi. Shoti moja fupi ya chupa iliyoachwa, basi. Hakuna mtu anayesema mapenzi yameingia dosari.

Ben Hecht ndiye aliyeandika skripti, na nasikitika kila nikisoma sifa za filamu hii zikimtaja mwongozaji peke yake. Mtayarishaji David O. Selznick, aliyekuwa na mikataba ya Hitchcock na Bergman, aliiuza kazi yote, watu na skripti, kwa studio ya RKO kwa dola 800,000 na nusu ya faida. Waigizaji hawakukanyaga Rio. Mandhari ya mji yalipigwa na kikosi kingine, kisha yakarushwa kwenye pazia nyuma yao studio. Ukiangalia vizuri sehemu ya ndege na ya farasi utaliona hilo, wala haliharibu kitu.

Sasa tuje kwenye chupa. Siri ya nyumba ya Alex ni kwamba baadhi ya chupa za mvinyo kule ghalani hazina mvinyo. Zina mchanga mweusi wa madini ya urani, yale ya kuundia bomu la atomu. Hitchcock alikuwa akisimulia kwamba alipokwenda na Hecht kumwuliza mwanafizikia mmoja maarufu wa California kuhusu bomu la atomu, alifuatiliwa na makachero kwa miezi. Yeye mwenyewe hakuijali sana hiyo urani. Vitu vya namna hiyo, ambavyo majasusi wanavigombania na mtazamaji havimhusu sana, aliviita MacGuffin. Kwake zingeweza kuwa almasi za viwandani na kisa kingebaki kile kile.

Kwangu mimi hapo mkono unasita kidogo. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 haikutoka Brazil. Ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga, nchini Kongo, na watu ambao lugha yao ya kazini ilikuwa Kiswahili. Zaidi ya tani 1,000 za madini hayo zilikuwa zimeshapelekwa New York mwaka 1940 na kuhifadhiwa kwenye mapipa. Kwa hiyo ule mchanga unapomwagika sakafuni ndani ya filamu, mtazamaji wa London aliona kitu cha kubuni. Mtu wa Likasi angeweza kuona udongo wa kwao.

Turudi kwenye ufunguo, ndipo somo lenyewe lilipo.

Alicia anaingia nyumba ya mumewe na kukuta makabati yamefungwa. Funguo ziko kwa mama mkwe. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Bi harusi asiye na funguo ni mgeni nyumbani kwake. Alex anakwenda kumwomba mama yake, tunasikia sauti za ubishi nyuma ya mlango, kisha anatoka na kishada cha funguo. Alicia anafungua kila mlango isipokuwa wa ghala la mvinyo. Kwenye kitasa chake limeandikwa neno moja: UNICA. Ufunguo wake anao Alex peke yake.

Jioni ya sherehe, Alex anajiandaa bafuni, na tunaona kivuli chake mlangoni. Funguo ziko mezani. Alicia anauchomoa ule mmoja. Alex anatoka, anamshika mikono yote miwili, anamwomba radhi kwa wivu wake. Anafungua kiganja kimoja anakibusu. Kitupu. Anaanza kukifungua cha pili. Alicia anamrukia shingoni na kumkumbatia, na nyuma ya mgongo wa mumewe anauangusha ufunguo kwenye zulia, anausukuma kwa mguu chini ya samani. Jambo lote hilo ni sekunde chache, na limejengwa kwa mikono tu. Kumbatio ambalo Alex analipokea kama penzi, sisi tunalijua ni kitu gani. Katika fasihi tumezoea kuiita hali hiyo taharuki, na darasani hufafanuliwa kama hamu ya kujua kitakachofuata. Mimi ningeongeza: taharuki inakolea pale tunapokuwa tumeshajua kitu ambacho aliyekaa karibu nacho hakijui.

Halafu inakuja shoti ambayo mafundi wote wanaizungumzia. Kamera iko juu ghorofani. Tunauona ukumbi mzima, wageni, taa, sakafu ya miraba. Kamera inashuka polepole, haikatwi, inapita juu ya vichwa, inamkaribia Alicia aliyesimama na mumewe, inamwacha uso, inaushukia mkono, mpaka skrini nzima inajaa kiganja kinachocheza na ufunguo. Mpiga picha alikuwa Ted Tetzlaff. Fikiria kazi ya aliyeshika fokasi: kutoka umbali wa ukumbi mzima mpaka umbali wa chembe ya chuma, na kila hatua lazima picha ibaki kali. Shoti ile ingeweza kukatwa vipande viwili, ukumbi halafu mkono, na taarifa ingekuwa ile ile. Lakini tungepoteza kitu kimoja: kwamba mkono huo uko ndani ya ukumbi huu, katikati ya watu hawa wote, na hakuna anayeutazama. Kukata kungeutenga. Kushuka kunauacha hatarini.

Na bado Hitchcock hajamaliza. Alicia anamwuliza mtumishi kama shampeni itatosha. Ikiisha, mtumishi atamwomba Alex ufunguo wa ghala. Tangu hapo, kila tunapoonyeshwa chupa zilizobaki kwenye barafu, tunazihesabu. Hakuna saa ukutani, chupa ndiyo saa. Hitchcock mwenyewe anaonekana pale mezani, anakunywa glasi moja na kuondoka, na hata yeye anatupunguzia muda.

Miaka michache nyuma nilikuwa nahariri tamthilia yenye tukio la mke kupekua simu ya mumewe. Mwongozaji alitaka mume atokee ghafla mlangoni na muziki upige kwa kishindo. Tulijaribu, kila aliyeitazama alishtuka mara moja, kisha akatulia. Nikamwomba turudi nyuma kidogo: tuonyeshe kwanza mume akiegesha pikipiki nje, halafu mke na simu, halafu viatu vya mume ngazini, halafu mke bado anasoma. Muziki tukautoa wote. Mama mmoja aliyekuwa akifagia chumba cha uhariri alisimama na fagio mkononi akasema, “Weka chini hiyo simu, dada.” Hiyo niliichukua kutoka kwenye chupa za barafu.

Ghalani, walikoingia Alicia na Devlin kwa ufunguo ule, mambo yanakwenda haraka. Devlin anaangusha chupa iliyoandikwa 1934, mchanga unamwagika, anaujaza kwenye chupa ya mwaka mwingine na kuirudisha. Alex anawakuta, Devlin anambusu Alicia ili ionekane ni tamaa tu. Lakini Alex anagundua ufunguo haumo kwenye kishada chake, na asubuhi anaukuta umerudi. Anashuka ghalani peke yake, anaona chupa isiyolingana mwaka na wenzake. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwake yuko kitandani. Claude Rains, ambaye ndiye Alex, anaigiza vizuri mno hapo. Hakasiriki, anapungua. Anakwenda kukaa chumbani kwa mama yake kama mtoto aliyevunja chungu, akisubiri kuambiwa la kufanya. Mama anawasha sigara kwanza. Leopoldine Konstantin aliyeigiza mama huyo alimzidi Rains miaka michache tu kwa umri, na huwezi kuamini.

Wanachoamua ni sumu, kidogo kidogo, ndani ya kahawa. Na hapa kamera inakishughulikia kikombe kama ilivyoushughulikia ufunguo. Kinawekwa mbele kabisa ya picha, kikubwa kuliko vichwa vya watu, na Alicia yuko nyuma yake akizungumza bila habari. Hakuna anayekitaja. Anakunywa, tunaona. Siku nyingine anakunywa tena. Kisha mwanasayansi mmoja mgeni wao, bila kujua, ananyoosha mkono kuchukua kikombe cha Alicia kimakosa, na Alex na mama yake wanamkataza kwa pamoja. Uso wa Alicia unakiangalia kikombe, unamwangalia mama mkwe, unamwangalia mume. Shoti tatu, na sasa anajua tunachojua. Kwa muda mrefu sisi na wauaji ndio tuliokuwa tukijua, naye yuko gizani. Hiyo ndiyo sababu eneo hilo linatuchoma: tulikuwa upande wao kwa kujua.

Devlin anakuja kumtoa akiwa amelala nusu mfu kitandani, na ndipo tu anasema neno ambalo angelisema barazani kabla ya kuku kupoa. Wanashuka ngazi. Alipopanda alipanda mbio. Kushuka ni kurefu ajabu. Mhariri Theron Warth anakwenda kwa nyuso: Devlin, Alicia, mama, Alex, halafu wanaume walioko chini wakitazama juu. Kila uso unajua kiasi tofauti. Alex hawezi kupiga kelele, kwa sababu wenzake wakijua amemwoa jasusi wa Marekani watamwua. Hawezi pia kukaa kimya. Kwa hiyo anasaidia kumshusha mkewe, anajibu maswali, anafika mpaka kwenye gari. Devlin anafunga mlango wa gari na kumwambia hakuna nafasi.

Gari linaondoka. Nyuma yake, kwenye mwanga wa mlango wa nyumba, mwenzake anamwita Alex kwa adabu aingie ndani, ana maneno naye.  Tunautazama mgongo wake ukipanda vidato kimoja kimoja, anaingia, na mlango unafungwa.