Masaji si lazima iume

"Kaza mkono, dada, mpaka niumie!" Wengi wetu tukishalala kwenye kitanda cha masaji huagiza hivyo, tukiamini kuchuliwa bila maumivu ni hela iliyopotea. Sivyo. Mwili ukiumizwa hujihami: pumzi inabanwa, mabega yanapanda, na msuli uliotaka ulegezwe unazidi kukaza. Mchuaji anabaki kushindana nao. Yale maumivu matamu ya "hapo hapo!" sawa, lakini ukianza kukunja vidole vya miguu, mwambie apunguze. Hatakasirika, ndiyo kazi yake. Kabla hajaanza, mweleze pia kama una presha, ujauzito au damu iliyoganda mguuni. Na yale madoa ya damu kuvilia tunayoonyeshana kesho yake? Vishipa vidogo vimepasuka chini ya ngozi, basi.