Si tasa, lakini vigawo vyake viko wapi?

Andika 2 sitini na saba, zizidishe zote, kisha toa 1. Utapata 147,573,952,589,676,412,927, namba ya tarakimu 21. Kwa kifupi ni 2^67 − 1. Naipenda namba hii kwa sababu inafundisha mambo ambayo wengi wetu tuliyabeba kimakosa tangu shuleni.

Dhana: kipeo kikiwa namba tasa, jibu nalo ni tasa.

Ukianza na namba ndogo utaamini kabisa. Vipeo 2, 3, 5 na 7 vinakupa 3, 7, 31 na 127, zote tasa. Kisha inakuja 11: 2^11 − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89. Kanuni imevunjika mapema hivyo! Kilicho kweli ni kwamba kipeo kisipokuwa tasa, jibu haliwezi kuwa tasa.

Mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliiweka 67 katika orodha yake ya vipeo vinavyozaa namba tasa, mwaka 1644. Haikustahili kuwamo.

Dhana: tarakimu zikiwa nyingi, kazi ni ngumu.

2^66 − 1 ina tarakimu 20, lakini kwa kuwa 66 inagawanyika kwa 2, 3 na 11, papo hapo unajua kwamba namba hiyo inagawanyika kwa 3, 7, 23 na 89. Jirani yake ilikaa zaidi ya miaka 250 baada ya Mersenne bila vigawo vyake kujulikana.

Dhana: huwezi kujua kwamba namba si tasa mpaka uone kigawo chake.

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya niandike. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba 2^67 − 1 si tasa. Hakutaja kigawo hata kimoja, kwa sababu hakuwa nacho.

Inawezekanaje? Jaribu mwenyewe kwa 2,047, ukitumia kipimo kilichotokana na kazi yake. Anza na 4. Ipandishe kipeo cha pili, toa 2, gawanya kwa 2,047, ubaki na baki. Rudia hivyo mara tisa, yaani kipeo 11 toa 2. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Utapita kwenye 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, na utaishia kwenye 1,736. Si sifuri, basi si tasa, na hoja imekwisha. Sasa tafuta 23 au 89 katika mabaki hayo: hazimo. Kipimo kinatoa hukumu bila kumtaja mhusika.

Wahusika walitajwa Oktoba 1903, jijini New York, kwenye mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani. Frank Nelson Cole alionyesha kwamba namba yetu ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno: alikokotoa 2^67 − 1 ubaoni, akazidisha namba hizo mbili pembeni, majibu yakalingana, akarudi kukaa.

Wala usidhani kazi ya namna hiyo ni kubahatisha tu. Kila kigawo tasa cha namba hii lazima kibakize 1 ukikigawanya kwa 134, yaani mara mbili ya 67. Vya Cole vyote viwili vinatii: 193,707,720 ni 134 × 1,445,580.

Dhana: kompyuta zimemaliza fumbo hilo.

Kwa 67, ndiyo. Leo ni suala la muda mfupi sana. Lakini chukua 2^1277 − 1, yenye tarakimu 385. Imethibitishwa kuwa si tasa. Hadi mwaka 2024, mbali na 1 na yenyewe, hakuna kigawo chake hata kimoja kilichokuwa kimepatikana.