“Afande, Mimi Nilimsifia Tu”

Kila inapofika tarehe 25 Novemba, Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia zinapoanza, sisi polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto huzunguka stendi, masoko na vyuo kutoa elimu. Na kila mwaka, kabla hata sijamaliza kujitambulisha, mkono wa kwanza kunyooshwa ni wa mwanamume mwenye swali lilelile: “Afande, kwa hiyo siku hizi hata kumwambia dada amependeza ni kosa?” Watu wanacheka, wengine wanapiga makofi, naye anakaa chini kama aliyeshinda kesi.

Jibu ni hapana. Si kosa. Ningefurahi kuishia hapo, ila nimekaa dawatini muda wa kutosha kujua kwamba wanaoletwa kwetu hawaletwi kwa sababu ya “umependeza”.

“Umependeza” ni sifa ya kitu ambacho mtu amekifanya. Kachagua kitenge, kasuka, kapiga pasi. Unaweza kumwambia mama mkwe, mwalimu wa mwanao, hata mzee wa jirani anapotoka na kanzu mpya ya Idi. “Gauni limekukaa” bado ni habari ya gauni. “Gauni limekuchora” si habari ya gauni tena. Na “umejaaliwa”, “umeumbika”, “mtoto umejazia” ni habari za mwili wa mtu. Ukimtamkia mwanamke usiyemjua maneno hayo mbele ya kijiwe kizima hujamsifia, umempigia mnada. Anayebisha ajaribu kumwambia mama mkwe kwamba ameumbika, kisha aje anieleze kikao cha familia kiliishaje. Bibi wa Pwani akimsifu mtoto wa mwenzie hutanguliza mashaallah asije akadhaniwa ana kijicho. Sifa kwetu ilikuwa na adabu zake tangu zamani, kwa hiyo hili la “mambo ya Wazungu” naomba tuliache.

Nitaeleza tukio moja, bila kutaja stendi wala mhusika. Binti wa chuo alipita kijiweni asubuhi akiwahi daladala. Kijana wa kwanza akamwambia, “Dada, umependeza.” Akajibu asante, akapita. Wa pili akadakia, “Asante tu, anti? Na namba je?” Akanyamaza. Ukafuata mluzi. Kisha bodaboda moja ikawashwa, ikamfuata polepole ukingoni mwa barabara, dereva akimtajia viungo vya mwili wake kimoja kimoja kama mtu anayeagiza vipuri. Binti akaendelea kunyamaza. Ndipo yakaja ya mwisho: “Unaringia nini, na sura yenyewe hiyo!” Nilikwenda kupaona mahali penyewe. Kutoka “umependeza” mpaka “sura yenyewe hiyo” hazifiki hatua mia.

Vijana walipoitwa, mmoja akaniambia, “Afande, mimi nilimsifia tu.” Aliyesema hivyo alikuwa yule wa kwanza, na maelezo ya binti yalimuunga mkono. Nikamruhusu aende nyumbani. Wa bodaboda naye alisema maneno hayohayo, na yeye hakwenda.

Kwa hiyo ukiniuliza nitajuaje kama nimesifia au nimeudhi, sina haja ya kukupa orodha ya maneno. Tazama kinachotokea anaponyamaza. Sifa haidai asante, haiombi namba, haimfuati mtu mpaka kituoni. Ikigeuka tusi kwa sababu hakujibu, basi hata ile ya mwanzo haikuwa zawadi, ilikuwa bei, na umekasirika kwa kuwa hakununua.

Sasa sheria. Naandika haya kwa ajili ya elimu. Kila shauri lina mazingira yake, na mwenye kauli ya mwisho ni mahakama, si mimi. Kwa Tanzania Bara, kifungu tunachokitumia ni kile kinachojulikana na wengi kama 138D cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kiliingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana Na. 4 ya mwaka 1998, ile SOSPA. Zanzibar wana Sheria yao ya Adhabu ya mwaka 2018, hivyo msomaji wa huko aulize kwenye vyombo vya huko. Kifungu hiki hakihitaji mtu awe ameguswa. Maneno yanatosha, vitendo vinatosha, alimradi viwe vya kumuudhi au kumdhalilisha mtu kijinsia. Kilivyotungwa, adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru fidia kwa madhara aliyoyapata mlalamikaji. Madhara hayo ni pamoja na ya kisaikolojia. Kama aliyeudhiwa ana umri chini ya miaka 18, usije na hoja kwamba alikubali au alicheka. Haipokelewi. Watu hunitajia hiyo laki mbili kwa dharau, kwamba wataitoa mfukoni waondoke. Kiwango ni cha 1998 na si kazi yangu kukijadili, ila nawakumbusha kwamba kabla ya neno “faini” limeandikwa neno “kifungo”.

Wapo wanaokuja na kifungu cha Kenya walichokiona kwenye simu. Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 23, inamlenga mwenye mamlaka au cheo cha umma anayemsumbua mtu kwa kurudiarudia, na adhabu yake haipungui miaka 3 au faini ya shilingi 100,000 za kwao. Ni sheria nzuri, lakini haitumiki Mbagala. Hapa kwetu hata asiye na cheo chochote anaweza kushtakiwa.

Maneno hayo yakitumwa kwa simu au kuandikwa chini ya picha ya mtu mtandaoni, kwa nia ya kumsumbua au kumuumiza moyo, tunaingia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23. Huko faini haipungui shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Usifute ujumbe kwa hasira. Picha ya skrini inasaidia, lakini njoo na simu yenyewe.

Kazini hali ni tofauti kidogo, maana pale mtu hawezi kupita akaenda zake. Bosi anayekwambia kila asubuhi kwamba leo umetokelezea, huku macho yakiwa si usoni, anajua kwamba utatabasamu kwa sababu ya mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi. Mgogoro wa namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba 1, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Kama umeshaachishwa kazi na unapinga kuachishwa, ni siku 30. Nakala mpatie mwajiri, na utunze uthibitisho kwamba ameipokea. Wanaochelewa hulazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu, na “nilikuwa naona aibu” ni sababu ambayo mimi naielewa kuliko msuluhishi. Bosi au mwalimu akishafungamanisha sifa zake na kazi, cheo au alama za mtihani, hiyo ni rushwa ya ngono: piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, simu namba 113, bila malipo.

Kuna mambo mawili yananichosha, niyaseme. La kwanza ni “angevaa vizuri asingeambiwa”. Hakuna mahali kifungu kinapopima urefu wa sketi. Wanaokuja kulalamika kwetu wamo waliovaa baibui, sare ya shule na gwanda la kiwandani. La pili ni wanaodhani sheria hii ni ya wanawake peke yao. Imeandikwa “mtu yeyote”. Mama mwenye duka anayemshika kidevu kijana wake wa kazi akimwita “handsome wangu” mbele ya wateja, huku kijana anakwepa, namsihi naye asome tena aya zilizo juu.

Na kwa upande wa pili, dada zangu: si kila neno ni jalada. Aliyekwambia umependeza akapita, muache apite. Wengine hufika kudai PF3 kwa ajili ya maneno. PF3 ni fomu ya matibabu kwa aliyejeruhiwa. Kama hukuguswa, huihitaji.

Ukiamua kuja, njoo mapema ukiwa bado unakumbuka maneno yenyewe. Yaseme kama yalivyosemwa, hata kama ni machafu. “Alinitukana” haitusaidii kitu mahakamani. Kumbuka namba ya pikipiki au ya daladala, na aliyekuwa karibu: konda, muuza karanga, abiria mwenzako. Utapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo, ambayo hailipiwi. Maelezo yako yataandikwa, utasomewa, na usitie sahihi mpaka uridhike kwamba ndiyo uliyoyasema. Jalada likikamilika linakwenda kwa waendesha mashtaka, na wao ndio wanaoamua kama lifike mahakamani. Kama unachotaka ni mtu aitwe aonywe tu, sema hivyo tangu mwanzo.

Na pale kaunta, kwenye watu waliokuja kwa habari za simu zilizoibwa na wapangaji waliogombana, hulazimiki kusimulia chochote. Mwambie askari unataka Dawati la Jinsia. Akikuuliza la nini, rudia hivyohivyo.