Uhusika katika Kilatini: kazi ya mkia wa nomino

Mwaka 15 baada ya Kristo, katika mji wa Kirumi wa Pompeii, nyumbu mmoja aliuzwa kwa sestersi 520, sarafu za Kirumi. Nasema nyumbu yule anayezaliwa na punda na farasi, si wale wa Serengeti. Hesabu ya mauzo hayo iliandikwa kwenye kibao cha mbao kilichopakwa nta. Wachimbaji walikikuta mwaka 1875, pamoja na vingine zaidi ya 150, katika nyumba ya Lucius Caecilius Iucundus, mtu ambaye riziki yake ilitokana na minada na fedha. Nikifungua vifupisho vyake, maneno tunayoyahitaji ni haya: ob mulum venditum Marco Pomponio Niconi.

Tuyafasiri kwanza bila kugusa miisho: "kwa sababu ya", "nyumbu", "kuuzwa", "Marcus Pomponius Nico". Sasa je, Nico ndiye aliyeuza nyumbu, au ndiye aliyeuziwa? Hakuna neno dogo lililowekwa kando ya jina lake kutuongoza. Jibu limo katika herufi za mwisho za jina lenyewe. Katika sentensi ambamo yeye ndiye anayeuza, angeandikwa Marcus Pomponius Nico. Hapa kaandikwa Marco Pomponio Niconi, na mikia hiyo mitatu inasema kitu kimoja: huyu ndiye aliyefikiwa na tendo. Nico aliuziwa nyumbu.

Umbo hilo la nomino, linalobadilika mwishoni ili kuonyesha nomino inahusika vipi na tendo au na nomino nyingine, ndilo wanaisimu wanaloliita uhusika. Warumi wenyewe waliliita casus, yaani anguko, wakifuata neno la Wagiriki lenye maana hiyohiyo. Walilichukulia jina kama kitu kilichosimama wima, kisha kila linapoingia kazini linainama upande fulani.

Mimi nilianza Kilatini kidato cha kwanza, katika seminari ndogo, na nomino ya kwanza tuliyopewa ilikuwa mensa, meza. Mwalimu aliandika ubaoni, sisi tukaimba: mensa, mensa, mensam, mensae, mensae, mensa. Kisha wingi: mensae, mensae, mensas, mensarum, mensis, mensis. Tuliimba asubuhi, tukaimba tukifagia, hadi ikatoka yenyewe kama salamu. Lakini kwa muda mrefu hakuna aliyetuambia wimbo ule ulikuwa wa nini, na wenzangu wengi waliona Kilatini ni kukariri basi. Jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu dhana yenyewe tulikuwa nayo mdomoni tangu utotoni. Mswahili anayo. Tofauti ni kwamba yeye haiweki kwenye mkia wa nomino, anaiweka ndani ya kitenzi.

Tazama sentensi hii: Mkulima anamkatia mwanawe mti kwa shoka. Kilatini chake ni Agricola filio arborem securi caedit. Katika Kiswahili, neno "anamkatia" limebeba karibu sentensi nzima. A- inamwelekea mkulima. -M- inamwelekea mwana. Ile -i- ya "katia", kauli ya kutendea, ndiyo inayotuambia kwamba mwana hakukatwa, bali amekatiwa. Shoka limeletwa na "kwa". Kitenzi cha Kilatini, caedit, hakibebi hayo yote. Kinasema tu kwamba mtu mmoja anakata. Kazi iliyobaki imegawiwa nomino. Agricola iko katika nominativu, uhusika wa mtenda. Filio iko katika dativu, uhusika wa anayetendewa. Arborem ni akusativu, kile kinachokatwa. Securi ni ablativu, chombo cha kukatia.

Mwanafunzi wa Kenya aliyefundishwa kiima, shamirisho kipozi, shamirisho kitondo na ala ameshasoma uhusika, ila hajaambiwa. Kipozi ni akusativu, kitondo ni dativu, ala ni ablativu. Mtanzania aliyesoma yambwa tendwa na yambwa tendewa yuko palepale. Laiti ningeambiwa hivyo wiki ya kwanza.

Na kwa Wakatoliki mfano uko karibu zaidi. Katika Baba Yetu ya Kilatini tunasali panem nostrum quotidianum da nobis hodie, na kwa Kiswahili "utupe leo mkate wetu wa kila siku". Panem, "mkate", ina -m ya akusativu, kwa kuwa ndicho kitu kinachoombwa. Nobis ni "sisi" katika dativu. Sasa itafute nobis katika sala ya Kiswahili. Huioni kama neno linalojitegemea. Imejificha katika "utupe", ni ile -tu-. Silabi moja katikati ya kitenzi inafanya kazi ambayo Warumi waliitengea neno zima.

Faida ya mpango wa Kirumi ni uhuru wa kupanga maneno. Canis puerum mordet, mbwa anamuuma mvulana. Ukiandika puerum canis mordet, aliyeumwa bado ni mvulana, kwa sababu -um imembana katika nafasi ya anayetendwa popote utakapomweka. Kwa Kiswahili, "mbwa anamuuma mvulana" na "mvulana anamuuma mbwa" ni habari mbili tofauti kabisa, maana wote wawili ni wa ngeli ya a-wa na viambishi vyao vinafanana. Hapo mpangilio tu ndio unaotuokoa. Lakini ngeli zikitofautiana, hata sisi tunapata uhuru. "Juma amekisoma kitabu", "kitabu amekisoma Juma", "amekisoma kitabu Juma": hakuna atakayedhani kwamba kitabu kimemsoma Juma, kwa sababu a- na -ki- zimeshika kila mmoja mahali pake. Ngeli zetu, pamoja na kazi zake nyingine, zinafanya sehemu ya kazi ya uhusika.

Washairi wa Kirumi waliutumia uhuru huo bila woga. Virgil anaufungua utenzi wake wa shujaa Aeneas kwa maneno arma virumque cano: silaha na mwanamume nawaimba. Kitenzi kinakuja baada ya vitu vinavyoimbwa, na kivumishi katika mishororo yake kinaweza kusimama mbali na nomino yake, mikia ikiwaunganisha. Mshairi wetu akigeuza mpangilio ili apate vina tunasema ameboronga sarufi, na tunamruhusu kwa sababu ni ushairi. Mrumi hakuwa anaboronga chochote. Sarufi yake ilimpa nafasi hiyo tangu mwanzo.

Majina ya uhusika yanatisha kuliko mambo yenyewe. Nominativu yatokana na kutaja, dativu na kutoa, vokativu na kuita, na kila moja lafanya hivyo. Genitivu ni uhusika wa umiliki na wa uhusiano, ile kazi ya wa, ya, cha na za: Agnus Dei, Mwanakondoo wa Mungu, ambapo Deus amegeuka Dei. Jina baya ni akusativu, ambalo kwa Kilatini linatokana na kushitaki. Hakuna anayeshitakiwa hapo. Wagiriki walitumia neno lililotokana na aitia, lenye maana ya sababu na pia ya shutuma, na Warumi walipolifasiri wakaishika shutuma.

Vokativu mara nyingi hufanana na nominativu, ndiyo maana tuliimba mensa mara mbili mfululizo mwanzoni. Inajitokeza wazi kwa majina ya -us, ambayo hugeuka -e unapomwita mtu. Brutus akiitwa huwa Brute, kama katika yale maneno matatu ya Kaisari, Et tu, Brute, ambayo Shakespeare aliyaacha kwa Kilatini katika tamthilia ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963.

Ablativu ndiyo inayowachosha wanafunzi, na wana haki ya kuchoka. Ni kama nyumba moja waliyohamia ndugu watatu. Zamani kabla ya Kilatini kulikuwa na uhusika wa kutoka mahali, uhusika wa chombo, na uhusika wa mahali penyewe. Kwa Warumi maumbo hayo yakaungana karibu yote. Hivyo ablativu utaifasiri mara "kutoka", mara "kwa", mara "katika", na maneno ya jirani ndiyo yatakayoamua. Pia kuna vihusishi vinavyoidai. Kaulimbiu ya Chuo Kikuu cha Makerere, Pro futuro aedificamus, tunajenga kwa ajili ya wakati ujao, ina futuro katika ablativu kwa sababu pro haikubali uhusika mwingine.

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi hulichanganya sana, nami nataka kulikalia kidogo. Uhusika si kundi la nomino. Uhusika ni kazi ambayo nomino inafanya katika sentensi hii, na kesho itafanya nyingine. Makundi ya nomino za Kilatini ni matano, na kila kundi lina seti yake ya mikia. Mensa ni wa kundi la kwanza, ndiyo maana akusativu yake ni mensam. Canis ni wa kundi la tatu, ndiyo maana akusativu yake ni canem, neno lililomo katika onyo Cave canem, "jihadhari na mbwa", lililotengenezwa kwa vijiwe sakafuni mlangoni pa nyumba moja ya Pompeii. Mikia tofauti, kazi ileile.

Wala kundi silo jinsia. Nomino nyingi za kundi la kwanza ni za kike, lakini agricola, mkulima, ni wa kiume, kwa hiyo kivumishi chake ni cha kiume: agricola bonus, mkulima mwema, si agricola bona. Mgeni wa Kilatini huona huo ni ukorofi wa lugha. Msemaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa hata kidogo. "Kipofu" lina ki- mbele, na bado hatusemi "kipofu chema" bali "kipofu mwema". "Kiboko" ni "kiboko mkubwa". Umbo linasema jambo moja, upatanisho unafuata jingine, na mtoto wa miaka minne pale Tanga hakosei.

Halafu kuna uhusika mmoja mdogo ambao vitabu vya mwaka wa kwanza huupitia mbio, nami ndio ninaoupenda kuliko yote. Ni wa mahali. Kwa Warumi ulibaki kwa majina ya miji na maneno machache tu: Romae, huko Roma, domi, nyumbani, kutoka domus, nyumba. Domus, domi. Nyumba, nyumbani. Hapa Kiswahili chenyewe kinaweka mkia kwenye nomino, kwa kazi ileile. Tofauti ni kwamba -ni yetu inatosha kwa kukaa na kwa kwenda: "kitabu kipo mezani", "weka kitabu mezani". Mrumi alitenganisha. Kilichokaa mezani kipo in mensa, ablativu, yenye a ndefu mwishoni. Kinachoelekea mezani kinakwenda in mensam, akusativu. Herufi moja ilitofautisha kufika na kuwepo.

M hiyo haikudumu. Katika usemi wa kawaida ilikuwa imeanza kufifia zamani sana, na mikia mingine ikafuata, hadi lugha nyingi zilizozaliwa na Kilatini zikabaki na umbo moja la nomino, mara nyingi lile la akusativu. Mensam ikawa mesa vinywani mwa Wareno. Walipoanza kufika pwani yetu, mwaka 1498 na baadaye, walikuja na neno lisilo na uhusika wowote, limekatika mikia yote niliyoiimba darasani. Waswahili wakalipokea, wakaliita meza. Kisha wakalipa mkia wao: mezani.