Mkono haujamgusa, mbona refa amepuliza faulo?

Kaa ukingoni mwa uwanja wa kikapu Moshi, hasa vile vya saruji vilivyo wazi mashuleni, hutakosa kusikia: "Hajamgusa bwana!" Jamaa karusha mpira toka kona, mkabaji kamkimbilia mikono juu, hakugusa mpira wala kiwiko. Mrushaji katua juu ya kiatu cha mkabaji, kifundo kimepinda, yuko chini anajikunyata. Filimbi imelia. Watazamaji wanabishania mkono, kumbe refa alikuwa anatazama miguu.

Sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, zinampa aliyeruka haki ya kutua. Anaweza kutua pale pale aliporukia, au pengine, mradi mahali hapo na njia ya kufika hapo havikuwa vimeshikwa na mpinzani wakati miguu yake inaacha sakafu. Aliyekwishasimama hapo mapema hana kosa. Akiparamiwa kifuani, faulo ni ya mshambuliaji. Aliyeingia baadaye, hata kwa nusu hatua, kachelewa. Ndiyo maana marefa hufundishwa kumkodolea macho mkabaji kuliko mwenye mpira.

Ukali huu una sababu. Mtu akishaacha ardhi hana breki wala usukani. Aliyejiinua sentimita 60 hukaa hewani kama sekunde 0.7, na muda wote huo hawezi kubadili njia ya mwili wake. Mgonge nyonga au miguu akiwa juu, mwili unapinduka. Kinachotangulia chini ni mgongo, kiwiko au kichwa. Na saruji haina huruma.

Kwa hiyo kumwingia chini mtu aliye hewani na kumgonga kwa kawaida huhesabiwa faulo isiyo ya kiuanamichezo. Refa huinua mikono juu, mmoja umeshika kifundo cha mwingine. Aliyefanyiwa faulo akiwa anarusha toka eneo la pointi mbili na mpira usiingie hupata mitupo huru miwili, kisha timu yake inapewa na mpira. Mchezaji akipata faulo mbili za aina hiyo katika mechi moja, anatolewa. Tukio likiwa baya mno, anatolewa hapo hapo. Utetezi wa "sikukusudia" hausaidii sana: refa anapima mgongano ulivyokuwa, hasomi moyo wa mtu.

Marekani nao walilipata somo hili Mei 2017, Kawhi Leonard wa San Antonio Spurs alipotua juu ya mguu wa Zaza Pachulia wa Golden State Warriors na kuumia kifundo. Kabla ya msimu uliofuata, NBA, ligi yao ya kulipwa, iliwaruhusu marefa kurudia video za matukio kama hayo na kuipandisha faulo daraja.

Kuna kona moja inayowachanganya hata wachezaji wazoefu. Chini ya ringi huchorwa nusu duara lenye nusu kipenyo cha mita 1.25. Mkabaji akisimama ndani yake kumsubiri anayekuja na mpira hewani, akigongwa mshambuliaji hahesabiwi faulo, hata kama mkabaji alifika mapema. Viwanja vingi vya mtaani mstari huo ulishafutika au haukuchorwa kabisa, na video ya kurudia haipo. Hapo utaona marefa wawili wanasogeleana, wananong'onezana, mmoja anaonyesha kwa kidole mahali kiatu kilipokuwa.