Misimu 10 ya Friends na Bado Haji Jumatatu

Jumamosi iliyopita kijana wa mtaa wa Umoja aliingia kifua mbele darasani kwangu, ninapofundisha matamshi ya Kiingereza. "Mwalimu, Friends nimeimaliza yote. Nimebakisha intaviu ya kazi ya kupokea simu za Wamarekani tu." Yote, hiyo tamthilia ya vichekesho ya Marekani, ni misimu 10, vipindi 236, alivyojaziwa kwenye flashi katika duka la muvi. Sikubishana. Nilimwomba aniambie kwa Kiingereza kwamba Jumatatu anaweza kuja. Akaniambia. Ningekuwa mteja wa Chicago kwenye simu, ningeandika kwamba haji.

Huyu ni wa nne mwezi huu, kwa hivyo naandika nisirudie tena.

Mnadhani lafudhi ya Marekani iko kwenye kukunja ulimi kwa "r" na kugeuza "water" kuwa "wara". Huko ni kutweng, na kutweng hata kasuku ataweza. Kazi iko kwenye mkazo. Kiswahili kimetulea kwa haki: irabu tano, kila silabi inapata chakula chake, mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Kiingereza hakigawi sawa. Silabi moja inashibishwa, jirani zake zinanyimwa mpaka irabu inakuwa shwa, ile sauti ya mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. "Comfortable" yetu ina silabi nne zilizonona. Ya Mmarekani ina tatu, na ni moja tu iliyokula.

Sasa "can", ambayo ndiyo iliyonitoa kitandani leo. Shuleni tulifundishwa Kiingereza cha Uingereza: "can" fupi, "can't" ndefu, "kaant". Hata ukishrabu, lugha ya mama ikiingilia Kiingereza chako mpaka "l" na "r" zibadilishane viti, hakuna atakayechanganya hizo mbili. Halafu unatazama Friends, unaiga irabu yao, "kaant" yako inafupika, na ile "t" ya mwisho unaimeza kama wao. "Can" na "can't" zako zimekuwa mapacha! Mmarekani hategemei sana "t" kuzitenganisha, anategemea mkazo. Akiweza kuja, uzito wote uko kwenye "come", na "can" inabaki "kn", kama kikohozi kidogo. Asipoweza, "can't" inasimama wima na irabu yake yote. Kijana wangu aliibeba "can" kwa mikono miwili. Ameacha lafudhi iliyokuwa ikieleweka, akachukua nusu ya nyingine.

Na vichekesho vingemfundisha hili, kama angesikiliza. Chandler wa Friends alichekesha watu tangu 1994 hadi 2004 kwa kutia mkazo kwenye "be", mahali ambapo Kiingereza kwa kawaida hakiuweki. Wewe ulicheka kwa sababu waliokuwa studioni walicheka. Mimi kicheko chao nakipendea jambo jingine: mwigizaji akitoa mzaha hunyamaza kidogo watu watulie. Mwanya huo ni wako, rudia sentensi kwa sauti. Ndiyo maana anayeanza simpi The Office ya Marekani. Haina kicheko, hakuna pa kuvuta pumzi. Maandishi ya chini nayo yazime. Ukiyaacha unasoma gazeti lenye picha.

Mind Your Language, vichekesho vya Uingereza vya darasa la Kiingereza vilivyoanza 1977, usinitajie. Pale mzaha wenyewe ni kosa la mwanafunzi. Utaiga nini?

Msamiati utaokota, si haba. Chunga tu "pants": kule ni suruali, huku ni chupi, ukimsifia bosi zake utaitwa ofisini.

Sitaficha kwamba mwanafunzi wangu mwenye matamshi bora ni mama fundi cherehani asiye na televisheni. Masikio yake aliyanoa kwa wateja. Na wapo waliofuata zoezi langu miezi mitatu, darasani wanatoa "kn" safi kabisa, lakini simu ikilia kweli inarudi "kan" ya zamani. Huwa nasema ni woga. Usiku mwingine nashuku ni zoezi.

Kijana nilimpa sekunde 30 za kipindi kimoja, hizo hizo wiki nzima. Alinuna. Jana amenitumia ujumbe wa sauti kuhusu darasa la Jumamosi. Nimeusikiliza mara tatu, na nadhani anakuja.